Sahihi ya Siafu

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka Mjomba alipotoa kichwa dirishani na kukumbuka jambo lililobaki. Hakumwambia dereva asimame. Alirusha ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi mwekundu, nao ukapita juu ya kichwa cha Siafu na kudakwa na Mwanzi.

"Wa sanduku la diski!" Mjomba alipiga kelele kuushinda mngurumo wa injini. "Mwanzi, programu ya Nesi andika wewe. Siafu, wewe uisome. Nitarudi Jumapili ya wiki ijayo. Na msigombane!"

Lori likakata kona kwenye duka la mbao, likaenda zake. Wasichana wawili wakabaki kwenye vumbi, mmoja ana ufunguo, mwingine hana. Hilo la kutogombana, Mjomba angelisema kabla ya kurusha.

Siafu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa akiwa mchanga, kwa sababu kila aliyempakata aliondoka na alama za meno. Mjomba wake alikuwa fundi wa redio na televisheni, na safari hiyo alikuwa ameitwa mji wa mbali kutengeneza mtambo wa kurushia matangazo. Kwa miaka miwili Siafu alikuwa akitoka shule na kwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Mjomba. Si kwa ajili ya redio. Pale kwenye meza ya nyuma palikuwa na kompyuta kuukuu, ya aina ile ambayo watu waliwahi kuweka majumbani: kibodi na mashine yenyewe vyote ndani ya kasha moja la rangi ya maziwa, waya mmoja unakwenda kwenye televisheni, mwingine kwenye kisanduku cha kuingizia diski. Ukiiwasha ilikoroma kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Mjomba alimfundisha kuiandikia programu kwa lugha ya C, na Siafu aliipenda kuliko kitu chochote duniani, ukiondoa maziwa ya mgando.

Kisha akaja Mwanzi. Mwanzi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, aliyeletwa kukaa nao baada ya mama yake kupata kazi ya mbali. Alikuwa mdogo kwa Siafu kwa miezi sita, na mrefu kwa Siafu kwa shingo nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu wasemavyo. Siafu, tangu mgeni huyo aje, alikuwa hajapona hata siku moja. Walilala kitanda kimoja, na miguu ya Mwanzi ilivuka mipaka. Mwanzi akiosha sufuria, mama yake Siafu aliinua moja juu na kusema, "Hebu ona, mpaka unajiona usoni!" Na Mwanzi alipofuatana na Siafu karakana siku moja, kwa kutazama tu, mwezi ule ule akawa anaandika C. Kilichomchukua Siafu miaka miwili, yeye alikinywa kama maji.

Siafu hakumwambia mtu. Lakini kila Mjomba aliposema "Vizuri, Mwanzi," alijikuta akihesabu siku tangu aambiwe hivyo yeye.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Mkabala na karakana palikuwa na zahanati, na Nesi wake alipima watoto wachanga uzito mara moja kwa mwezi. Daftari lake kubwa lililowana paa lilipovuja, kurasa zikashikana zikawa kama mkate. Kila mama alikuwa na kadi ya mtoto wake nyumbani, ndiyo, lakini Nesi alitaka orodha moja ya wote, itakayomwonyesha nani ameongezeka na nani amepungua. Jumamosi baada ya siku ya kupima, gari la lishe lilipita na maboksi ya chakula cha watoto waliokonda. Likikuta orodha, linashusha. Lisipokuta, linaondoka, na halirudi mpaka mwezi unaofuata. Mtoto wa miezi saba anayekonda, mwezi kwake ni mrefu sana.

Sasa, karakana ya Mjomba ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Programu haiingizwi kwenye mashine kabla ya kuandikwa kwa penseli kwenye karatasi, na karatasi haiingizwi kabla ya kusomwa na mtu mwingine. Msomaji akiridhika, anatia sahihi pembeni. Sababu ni kwamba mashine ilikuwa na mdomo mmoja tu wa diski. Ilibidi utie diski ya kitafsiri, yaani programu inayogeuza maneno ya C kuwa lugha ya mashine, uitoe, utie ya kazi, uitoe, utie tena ile ya kwanza. Kosa moja lilikugharimu robo saa ya kubadilisha diski kama mtu anayelisha mapacha kwa kijiko kimoja.

Jumatano mchana, Mwanzi alileta karatasi tatu.

"Dada, nisomee," alisema. "Nimeiangalia mpaka macho yanaona nyota."

"Weka hapo."

"Ukiona ujinga usinicheke."

"Nicheke nini? Wewe si ndiye mwenye ufunguo?"

Mwanzi akaenda kufagia mbele.

Siafu alisoma. Alitafuta kosa kama anavyotafutwa chawa, kwa kidole na kwa hamu. Aliangalia kwanza mahali pa kufungulia faili, kwa kuwa hapo ndipo wengi hutumbukia: ukifungua faili kwa namna ya kuandika upya, yote yaliyokuwamo yanafutika. Mwanzi alikuwa amelifungua kwa namna ya kuongeza. Sawasawa. Akaangalia mahali pa kuandika jina, mwezi, na uzito. Sawasawa. Akaangalia sehemu ya kulinganisha uzito wa mwezi uliopita na wa mwezi huu. Ilikuwa fupi na safi, na Siafu alijua kwamba yeye angeiandika ndefu mara mbili.

Ndipo akafika mwisho wa karatasi ya tatu, na akaona. Au tuseme hakuona. Palikuwa pameandikwa kwamba mtu akibonyeza M, programu imwambie asante na iishe. Mstari wa fclose, ule wa kulifunga faili, haukuwapo.

Anayejua kompyuta zile atashtuka, asiyejua nitamweleza. Ukiiambia mashine iandike kitu kwenye faili, haikimbilii diski hapo hapo, maana diski ina mwendo wa kobe. Hukusanya maneno kwanza kwenye kumbukumbu yake, kama mtu anayejaza ndoo kabla ya kwenda kumimina kwenye pipa. Faili linapofungwa ndipo humimina tone la mwisho, na ndipo inapoandika kwenye orodha ya diski kwamba faili hili lina urefu huu. Usipofunga, ukazima umeme, diski inabaki na jina la faili tu, na urefu wake ni sifuri. Mashine za siku hizi zina huruma, nyingi hufunga zenyewe. Ile ya Mjomba haikuwa na huruma. Siafu ilishawahi kumlia kurasa sita za mafumbo aliyoyakusanya darasani, akalia mpaka kwikwi.

Alishika penseli. Mstari mmoja tu, maneno yasiyozidi kidole.

Mbele ya karakana Mwanzi alikuwa akifagia huku akiimba kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiye na deni na mtu.

Siafu akawaza: likimpata jambo hili, ataaibika kidogo tu. Nesi atasema, jamani imekuwaje? Nami nitakuja, nitachukua penseli, nitaongeza mstari mbele ya wote. Mjomba akirudi ataambiwa aliyeokoa kazi ni nani. Kosa lenyewe si langu. Mimi sijaandika chochote.

Akaandika kitu kimoja. Pembeni mwa karatasi ya tatu akatia sahihi yake, kwa mkia mrefu.

"Tayari?" Mwanzi alichungulia.

"Tayari."

"Hakuna kosa hata moja?"

"Si umeona sahihi?"

Mwanzi akamkumbatia. Siafu alisimama wima kama nguzo mpaka kukumbatiwa kukaisha.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima. Paa la zahanati lilikuwa limeng'olewa litengenezwe, kwa hiyo mizani ilining'inizwa kwenye boriti la baraza ya karakana. Akina mama walipanga foleni mpaka barabarani. Asubuhi Nesi alikuwa ameshamsomea Mwanzi uzito wa mwezi uliopita kutoka kwenye kadi zilizowahi kufika, na waliochelewa waliingizwa hivyo hivyo walipofika. Nesi alimtia mtoto kwenye mfuko wa mizani, akataja uzito, akaandika kwenye kadi ya mama, na Mwanzi ndani akabonyeza. Vidole vyake vilikwenda kama mvua ya mawe juu ya bati.

Siafu alipewa kazi ya kubeba mabenchi na kuwashika watoto wakati mama zao wanafungua nguo. Watoto wanane walimkojolea.

"Hebu mtazame yule mrefu," alisema mama mmoja. "Ana vidole huyo!"

"Ni dada yako?" mwingine akamuuliza Siafu.

"Ni mtoto wa mama mdogo."

"Na wewe, hujifunzi?"

Siafu akainua benchi ambalo halikuhitaji kuinuliwa.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuja wa mwisho. Alikuwa mama mcheshi, ambaye sindano zake alizichomeka kwenye ukosi hata siku za mapumziko. Siku hiyo hakutania. Mtoto wake alipowekwa kwenye mizani alilia kilio chembamba, kama mlango.

"Amepungua, Nesi?"

"Ngoja mashine itatuambia yote kwa pamoja, mama. Kesho asubuhi nachukua orodha."

Saa kumi jioni foleni iliisha. Watoto themanini na watatu. Mwanzi alibonyeza M, na kwenye televisheni ikaandikwa: KAZI IMEKWISHA. ASANTE. Akanyoosha mkono kwenda kwenye swichi. Siafu alikuwa mlangoni. Bado kulikuwa na nafasi. Angesema "ngoja" tu, neno moja. Mdomo wake ulifunguka kabisa.

"Nesi," alisema mama mmoja aliyekuwa akivaa viatu, "huyu wa ndani ndiye mtakayemtegemea. Yule mwingine naona ni wa mabenchi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Siafu akafunga mdomo. Swichi ikalia.

Ijumaa asubuhi Nesi alikuja na begi lake begani. Mwanzi akawasha mashine, akatia diski, akaiita orodha. Printa iliyokuwa pembeni ya televisheni ikasogeza kichwa chake kushoto, ikakirudisha, ikanyamaza. Akaita tena. Jina la faili lilikuwapo. Urefu: sifuri.

"Labda inachelewa," alisema Nesi.

Mwanzi alitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Alifanya hivyo mara nne. Kisha akakaa chini sakafuni pale pale, miguu yake mirefu haijui pa kwenda, akalia bila sauti.

Siafu alikuwa akiisubiri dakika hii tangu juzi. Ilikuwa imefika, na haikuwa na utamu wowote. Hata hivyo alijikaza, akapiga hatua mbele kama alivyopanga. "Nadhani nimeona tatizo," alisema. "Hakufunga faili. Ni kuongeza mstari mmoja."

"Vizuri," alisema Nesi. "Ongeza, halafu tuone majina."

"Majina hayarudi."

"Hayarudi vipi?"

"Yamepotea. Itaandika vizuri kuanzia sasa."

Nesi alimtazama, kisha akatazama barabara, tupu. Akina mama walikuwa wamesharudi kwao, wengine nyuma ya kilima cha pili. "Kuanzia sasa nitamwandika nani, mwanangu? Gari linakuja kesho saa sita."

Hilo, katika kupanga kwake kote, Siafu hakulipanga.

"Ni mimi, Nesi," alisema Mwanzi kutoka sakafuni. "Siafu alisoma tu. Mtu anaweza kupitiwa. Msimlaumu yeye."

Basi, afadhali angemtukana. Tusi lina pa kulirudisha. Siafu alitazama karatasi juu ya meza, sahihi yake na mkia wake mrefu, na masikio yakamwaka moto.

"Sikupitiwa," alisema.

"Nini?"

"Sikupitiwa. Niliona. Jumatano niliona mstari haupo, nikatia sahihi. Na jana nilikuona unazima." Akaishika karatasi ya tatu. "Nilitaka uaibike. Kidogo tu."

Mwanzi alifuta uso kwa kiganja.

"Nilikukosea nini?" aliuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

"Hakuna. Wewe unaweza tu."

Nesi alikuwa na mengi ya kusema, ilionekana kwenye shingo yake. Aliyameza. Alitoa saa yake mfukoni. "Maneno tutayapanga baadaye, hayaozi. Watoto themanini na watatu, na kila mmoja ana kadi nyumbani. Nani ana miguu?"

"Mimi," walisema wote wawili.

Nesi alienda shuleni kuwaombea ruhusa. Waligawana kwa barabara: Nesi akachukua upande wa soko, Mwanzi nyumba za bondeni, na Siafu akaomba vilima, hakuna aliyembishia. Kila nyumba aligonga, akaamkia, akaomba kadi, akanakili uzito wa miezi miwili. Na kila nyumba aliulizwa swali moja.

"Si mliandika jana kwenye mashine?"

Angeweza kusema mashine imeharibika. Nyumba ya kwanza karibu aseme hivyo. "Yalipotea, mama," alisema. "Kwa kosa langu."

Wengine walimwambia pole. Wengine walimwambia mengine. Bibi mmoja alimweka mlangoni akamhubiria mpaka jua likahama, ndipo akaitafuta kadi, na kadi ilikuwa chini ya godoro. Siafu alisema ahsante.

Fundi cherehani alikuwa wa mwisho Ijumaa hiyo. Siafu alinakili namba mbili na mkono ukamsimama. Mwezi uliopita kilo sita na nusu. Mwezi huu sita kasorobo.

"Sema tu," alisema mama yule. "Mimi namshona nguo, najua zinavyompwaya."

"Amepungua, mama. Lakini atakuwa kwenye orodha."

"Una hakika?"

"Nitamwingiza mwenyewe."

Jumamosi alfajiri Siafu alirudi vilimani kwa watoto wanne waliobaki. Saa tatu alikuwa karakana, miguu imemvimba. Mwanzi alikuwa ameshaongeza mstari wa fclose. Lakini hakuwa ameiingiza programu kwenye mashine. Alimsogezea karatasi.

"Soma," alisema. Hakutabasamu.

Siafu alisoma herufi kwa herufi. Kwenye karatasi ya pili aliona kitu kingine: jina refu lingeweza kuzidi nafasi yake na kumwagikia kwenye uzito. Alilionyesha. Mwanzi aliangalia, akasema, "Lo," akarekebisha. Waliijaribu kwa majina matatu, wakazima mashine kabisa, wakaiwasha, wakayakuta yote matatu. Ndipo mmoja akasoma kadi kwa sauti, mwingine akabonyeza, na walipofika nusu wakabadilishana viti. Saa sita kasorobo printa ililia kwa muda mrefu, na ikatoa majina kumi na moja ya watoto waliopungua. Gari lilifika saa saba, maana magari ya namna hiyo huchelewa, likashusha maboksi kumi na moja.

Mjomba aliporudi Jumapili ya wiki iliyofuata, Siafu alimsimulia yote kabla hajavua viatu. Mjomba alisikiliza akiwa na kiatu kimoja mkononi.

"Wivu," alisema hatimaye. "Hata mimi ninao. Kuna fundi kule nilikokwenda, anatengeneza kwa saa moja kitu kinachonichukua siku. Usiku silali. Wivu ukikujia si kosa, mwanangu, haupigi hodi. Kosa ni pale ulipoupa penseli ukaandika sahihi. Sahihi yako ni neno lako. Mwanzi aliliamini, Nesi akamwamini Mwanzi, na mtoto asiyejua hata kukaa akawa amelala juu ya neno hilo."

Siafu akampokea kile kiatu.

"Na mimi nina langu," Mjomba aliendelea. "Nilirusha ufunguo kama mtu anayerushia kuku mtama, nikaondoka. Unajua kwa nini nilikupa wewe kusoma? Wa kuandika nitawapata wengi. Mwenye jicho la kuona shimo kwenye kazi ya mwenzake, hapa ninaye mmoja. Nilidhani unajua. Ningekwambia. Lakini jicho bila uaminifu ni hatari kuliko upofu, maana kipofu watu humwongoza, hawamfuati."

Akamwita Mwanzi, akawauliza wote wawili kama wanataka kuendelea pamoja au apange zamu. "Pamoja," alisema Mwanzi. "Lakini kwa mwezi mmoja kila atakachotia sahihi kisomwe na Mjomba pia." Siafu alikubali. Ilimuuma, na ilikuwa haki.

Programu ile ilitumika zahanati kwa miaka minne, mpaka Nesi alipoletewa mashine mpya, naye akastaafu mwaka uliofuata. Mtoto wa fundi cherehani alinenepa kuanzia mwezi wa tatu baada ya hapo. Sasa yuko darasa la nne na hesabu zinamshinda. Mama yake bado anashona. Mwanzi alirudi kwa mama yake alipomaliza shule, akasomea ualimu, anafundisha hisabati. Siafu ameajiriwa katika ofisi ya maji, kazi yake ni kukagua programu zinazoandikwa na wengine. Yeye na Mwanzi huandikiana barua, si mara nyingi. Mjomba aliiuza karakana macho yalipopungua nguvu. Kompyuta haikupata mnunuzi, ikabaki kwenye rafu na waya zake.